MAUA YAKIOZA KARIBU NA MAVUNO: FAINI HAIKAUSHI HEWA

Tumepokea malalamiko kutoka kwa wenzetu wanaofanya kazi katika nyumba za plastiki, wale wa maua ya waridi na wale wa zao jipya, yaani bangi inayolimwa kwa kibali ili itengenezwe dawa. Malalamiko hayo yanafanana kama mapacha. Zimebaki wiki mbili au tatu kufikia mavuno. Maua yamejaa, yananukia, na wakubwa wameanza kuhesabu fedha. Mara kibarua mmoja anapanua kichwa cha ua na kukuta ndani kumekuwa kahawia, kunateleza, kumejaa vumbi la kijivu. Meneja anakuja juu. Nyapara anatafuta mtu wa kumshika. Mwisho wa mwezi mama mwenye watoto wanne anapokea mshahara uliokatwa, na anaambiwa kwamba mikono yake michafu ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Sisi tunasema kwamba hukumu hiyo si ya haki, na tena ni hukumu inayozidisha ugonjwa wenyewe. Katika makala hii tutaeleza kwa nini.

ZAO JIPYA, KIBARUA YULE YULE

Huenda baadhi ya wasomaji wetu watashtuka kuona chama cha wafanyakazi kikizungumza habari za bangi. Tusiwe na haya. Malawi ilipitisha sheria ya kuruhusu kilimo cha bangi ya dawa mwaka 2020. Rwanda ilifungua mlango mwaka 2021 kwa ajili ya kuuza nje tu. Hapa Uganda sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inakataza kulima bila kibali, lakini mwenye kibali cha serikali analima kwa ajili ya dawa. Kwa ndugu zetu wa Kenya na Tanzania jambo hilo bado ni kosa la jinai. Kwa hiyo hatumfundishi mtu kulima uani kwake. Tunaandika kwa sababu palipo na kibarua anayelipwa kwa jasho lake, hapo pana kazi ya chama.

Isitoshe, ugonjwa tunaouzungumzia si mgeni kwetu. Wenzetu wa waridi wameujua kwa miaka mingi, maana ni ukungu ule ule wa kijivu, ambao wataalamu huuita botritisi. Unashambulia waridi, zabibu, nyanya, na bangi pia. Aliyewahi kufungua boksi la waridi na kukuta petali zina madoa ya kahawia ameshaonana nao.

UGONJWA UNAINGIAJE?

Ukungu huu husambaa kwa mbegu ndogo mno, ndogo kuliko vumbi la unga, ambazo hupeperuka hewani. Zinapanda juu ya nguo, mikono, mikasi na matone ya maji. Zinalala katika majani makavu yaliyoachwa sakafuni. Hapa mwajiri atadakia: "Mmekiri wenyewe! Mikono na nguo!" Naam, tumekiri, maana ukweli haukanwi. Lakini mbegu ya mahindi iliyo mfukoni haioti. Huota ikikuta maji. Na mbegu ya ukungu nayo ni hivyo hivyo. Katika nyumba yoyote ya maua mbegu hizo zipo tayari, awe kibarua amenawa au hakunawa. Kinachozifanya ziote ni umande juu ya ua, au hewa iliyokaribia kujaa maji, kwa saa kadhaa mfululizo, katika ubaridi wa kadiri, kama nyuzi 15 hadi 25.

Sasa fikirini hali ya mmea katika wiki za mwisho. Vichwa vya maua vimekuwa vizito na vimeshonana kama ngumi. Hewa haipiti ndani yake. Mmea nao unatoa jasho: karibu maji yote tunayoumwagilia hupitia kwenye majani na kuingia hewani. Nyumba iliyonyweshwa lita 1,000 leo, sehemu kubwa ya lita hizo lazima ziondolewe hewani, ama kwa kufungua madirisha, ama kwa mashine ya kukausha hewa. Zisipoondolewa, ziko humo humo ndani pamoja na maua.

Kisha usiku unaingia. Mmea huu, ili uchanue, hupewa giza la saa 12 kila siku. Taa zikizimwa, joto linashuka, na hewa baridi haiwezi kubeba maji mengi kama hewa ya moto. Hewa yenye joto la nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 60 inaonekana kuwa salama kabisa. Lakini ikipoa hadi kufika nyuzi 18 bila kutolewa maji, inakuwa karibu imejaa, na umande unaanza kutua. Kipimo cha saa nane mchana kilikuwa kizuri. Ugonjwa uliingia saa nane usiku.

Basi tuulize swali lililo wazi: saa nane usiku yule mama mwenye mikono michafu alikuwa wapi? Alikuwa kwake amelala. Funguo za feni na za mashine ya kukausha hewa zilikuwa kwa nani? Si kwake.

YALIYOTUKIA KATIKA SHAMBA MOJA

Wanachama wetu wanne walifika ofisini kueleza mkasa wao. Shamba lenyewe hatulitaji, kwa sababu shauri bado linazungumzwa. Katika shamba hilo iliamriwa feni zizimwe tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ili kuokoa mafuta ya jenereta. Ulikuwa msimu wa mvua. Mlinzi wa usiku alituambia kwamba alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye plastiki ya paa ndani ya nyumba, akadhani mvua inavuja. Haikuwa mvua. Ilikuwa ni pumzi ya mimea yenyewe iliyogeuka maji.

Siku chache baadaye mmoja wa wale wanawake aliona jani dogo moja limekuwa njano katikati ya ua zima. Alilivuta, likang'oka bila kushikilia. Akamwambia nyapara. Akajibiwa: "Endelea na kazi, wewe si mtaalamu." Wenzake wawili walikuwa wameona majani ya namna hiyo katika mistari yao, lakini walinyamaza. Kwa nini walinyamaza? Kwa sababu mwezi uliotangulia mwenzao aliyetoa taarifa alikatwa mshahara wa siku tatu kwa "uzembe". Zikapita siku kumi. Ukungu ulikuwa umeingia nyumba tatu.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Jani lile la njano linalong'oka lenyewe ndilo dalili ya kwanza ya ugonjwa. Hakuna mashine inayoliona mapema kuliko jicho la kibarua anayepita katika mistari kila siku. Mwajiri anayemtoza faini anayetoa taarifa amelipofusha jicho hilo kwa mkono wake mwenyewe. Anafundisha watu elfu kunyamaza ili amwadhibu mmoja. Amekata mshahara wa siku tatu, amepoteza nyumba tatu. Faini haikaushi hewa.

WAJIBU WA MWENYE SHAMBA

Mambo ya kuzuia ugonjwa huu yanajulikana, na mengi ni ya wenye shamba.

Kwanza, hewa lazima itembee usiku na mchana, hasa usiku. Feni zisizimwe kwa kubana mafuta katika wiki za mwisho. Taa zinapokaribia kuzimwa, hewa yenye maji itolewe na joto lisiachwe lianguke ghafla. Katika wiki za mwisho wakulima wenye ujuzi hushusha unyevu hadi asilimia 40 au 50.

Pili, kunywesha kufanyike mara taa zinapowaka, ili sakafu na majani yakauke kabla ya giza. Kunywesha jioni ni kuualika ukungu kwa chakula cha usiku.

Tatu, mimea isirundikwe. Tamaa ya kuongeza mistari miwili katika nyumba moja imewafanya wengi wapoteze minne. Majani ya chini yasiyoona mwanga yapunguzwe mapema, na yatolewe nje siku ile ile.

Nne, vipimo vya unyevu viwekwe katikati ya maua, kwa kimo cha maua. Kipimo kilichotundikwa mlangoni kinapima hewa ya mlangoni. Na karatasi ya vipimo vya usiku ibandikwe mahali ambapo wafanyakazi wote wanaisoma.

Tano, dawa za kupuliza zisiwe kimbilio la dakika za mwisho. Ziko bakteria na ukungu rafiki, kama trikoderma, ambazo hutumiwa mapema kuzuia adui asikae. Lakini ua likishaoza hakuna dawa inayolirudisha. Sumu inayopulizwa juu ya maua yaliyokomaa haina muda wa kuisha: itabaki katika ua, na kabla ya hapo itapita katika mapafu ya anayepuliza na ngozi ya anayechuma. Ukungu huu tena umezoea kuzishinda sumu nyingi kwa kupulizwa ovyo mara kwa mara.

WAJIBU WETU SISI

Ndugu wafanyakazi, chama kinachodai haki bila kutimiza wajibu ni debe tupu. Nasi tunayo sehemu yetu.

Tukague mistari yetu kila siku, tukipanua taratibu vichwa vikubwa zaidi, maana ndivyo vinavyoanza kuoza. Tukiona jani la njano linalong'oka, au kahawia ndani ya ua, tusilitikise wala tusiliguse na kuendelea na ua jingine. Feni iliyo karibu isimamishwe kwa muda mfupi ili vumbi lisitawanyike. Kichwa kilichooza kifunikwe kwanza kwa mfuko wa plastiki, kisha kikatwe ndani ya mfuko, chini ya mahali palipooza kwa sentimeta kadhaa, hadi kwenye shina zima. Mfuko ufungwe pale pale na utolewe nje ya nyumba, usitupwe penye lundo la takataka karibu na mlango. Mkasi ufutwe kwa spiriti kabla ya kugusa mmea mwingine. Glavu zibadilishwe. Aliyefanya kazi hiyo asiende katika nyumba nzima kabla ya kunawa na kubadili koti. Kisha feni iwashwe tena, na mimea ya jirani ikaguliwe kesho na keshokutwa.

Ugonjwa ukionekana mahali pengi, ni heri kuvuna mapema yale yaliyokwisha komaa kuliko kungojea uzito wa wiki moja zaidi na kupoteza yote. Na hatari haikomi kwenye kukata. Katika chumba cha kukaushia, maua yaliyosongamana yanaweza kuoza yakiwa yananing'inia. Yatundikwe kwa nafasi, katika joto la nyuzi 15 hadi 20 na unyevu wa asilimia 50 hadi 60, na hewa itembee polepole.

Jambo moja zaidi, na hili ni la heshima yetu kama wafanyakazi. Kuna wasimamizi wanaoamuru palipooza pakatwe kwa mkasi, na kipande kilichobaki kichanganywe na maua mazuri. Tukatae. Ua hili linakwenda kwa mgonjwa. Mgonjwa ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika anaweza kupata maradhi makubwa ya mapafu kutokana na ukungu wa aina nyingine unaojificha katika maua ya namna hiyo, unaoitwa aspajilasi. Yeye naye huenda ni mfanyakazi kama sisi. Tusimpelekee maradhi ndani ya dawa.

MAPAFU YETU SI VICHUJIO

Wakubwa wakizungumza habari za ukungu huu huhesabu kilo zilizopotea. Sisi tunahesabu na vifua. Katika mashamba ya zabibu ya Ulaya madaktari waliwahi kueleza ugonjwa wa mapafu unaowapata wachumaji wanaovuta vumbi la botritisi, na wakauita kwa jina la wakulima hao wa zabibu. Kwa upande wa bangi, mwezi Januari 2022 mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha ndani katika jimbo la Massachusetts, Marekani, alifariki kwa pumu iliyotokana na kazi. Alikuwa akifanya kazi penye vumbi la bangi iliyosagwa, na kifua kilianza kumbana baada ya miezi michache tu kazini. Wakuu wa afya wa nchi hiyo walichapisha taarifa yake mwaka 2023, wakasema ni kifo cha kwanza cha namna hiyo kuandikwa nchini mwao.

Basi kazi ya kuondoa maua yaliyooza, kupunguza majani na kusaga isifanywe kwa kitambaa kilichofungwa puani. Barakoa za kuzuia vumbi laini, glavu na makoti vitolewe na mwajiri, bila malipo, na vifuliwe kazini, visipelekwe nyumbani kwenye nguo za watoto. Yeyote anayeanza kukohoa, kupumua kwa mluzi au kubanwa na kifua siku za kazi na kupata nafuu siku ya mapumziko, hiyo ni dalili kwamba kazi ndiyo inayomuumiza. Aende kwa daktari na amweleze anafanya kazi gani. Na ahamishiwe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara.

SHERIA ZINASEMAJE?

Wako wanaodhani kwamba haya ni maombi ya huruma. La. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema kwamba mshahara haukatwi ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au kilichokubaliwa katika mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya meneja haimo katika orodha hiyo. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi aliyejitoa mahali pa kazi kwa sababu nzuri ya kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu. Mkataba namba 184 wa mwaka 2001 uliandikwa mahususi kwa ajili ya usalama na afya katika kilimo. Na mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu.

Lakini tusijidanganye. Mkataba ulio Geneva hauwashi feni ya shamba lako saa nane usiku. Unaowasha feni hiyo ni umoja wa wafanyakazi wa shamba hilo.

TUNACHODAI

Kwa hiyo tunayataka matawi yetu yote yenye wanachama katika nyumba za plastiki yapeleke madai haya kwenye meza ya mapatano kabla ya mvua zijazo. Mfanyakazi anayetoa taarifa ya ugonjwa asikatwe mshahara wala asionywe, bali taarifa yake iandikwe katika daftari pamoja na saa aliyoitoa na jina la aliyeipokea. Karatasi ya unyevu na joto la usiku iwe wazi kwa mwakilishi wa wafanyakazi. Mavuno yakioza, ianze kusomwa karatasi hiyo kabla mtu hajaulizwa neno. Na siku ya kupuliza dawa, mlango ufungwe na tangazo libandikwe, asiingie mtu mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo la dawa umalizike.

Wenzetu wale wanne tunaendelea nao bega kwa bega. Daftari wameshaanza wenyewe, la shule, lililonunuliwa kwa fedha zao, na kila asubuhi mlinzi wa usiku huwaambia ni saa ngapi feni zilizimwa nao huandika. Mwajiri bado hajaahidi kurudisha fedha alizokata. Lakini tangu daftari lile lijulikane, feni zinawaka usiku kucha.

Umoja ni nguvu!